Madaftari Ni Mawili: Kwa Nini Kadi Yako ya Mpiga Kura Haikuingizi Kwenye Orodha ya Mtaa

Jumamosi asubuhi, Oktoba 12, 2024, siku ya pili ya uandikishaji wa wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa, nilisimama kwenye kituo cha mtaa wetu huku Temeke nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa ameshika kadi yake ya mpiga kura ya mwaka 2015, ameifunga kwenye nailoni kama watu wanavyofunga vyeti vya ndoa. Hakuwa amekuja kujiandikisha. Alikuwa anapita kwenda sokoni, akasimama kuuliza kama ni kweli kwamba hata wenye kadi wanatakiwa kuandikishwa, kwa sababu nyumbani kwake walikuwa wamebishana tangu Ijumaa. Binti aliyekaa mezani alimwamkia, kisha akamjibu kwamba ndiyo, mwenye kadi naye anaandikishwa. Mzee akaitazama ile kadi, akauliza: "Sasa hii niliyopewa ilikuwa ya nini, mjukuu wangu?"

Swali lile ni la haki kabisa, na katika siku tatu za kwanza nililisikia kwa sura mbalimbali kwenye daladala, dukani na msibani. Binti alikuwa na foleni mbele yake, hivyo hakuweza kulieleza kwa kirefu. Najaribu kulieleza hapa, kwa kuwa uandikishaji huo ulikuwa wa siku kumi tu, kuanzia Ijumaa Oktoba 11 hadi Jumapili Oktoba 20, 2024, na naamini watu wengi wa Dar es Salaam waliokosa kupiga kura Novemba 27 hawakukosa kwa uvivu, bali kwa kudhani kwamba walishamaliza.

Tuanze na chaguzi zenyewe. Tanzania Bara ina chaguzi mbili kubwa ambazo hufanyika katika miaka miwili tofauti. Uchaguzi mkuu, kama ule wa mwaka 2025, ni wa kumchagua Rais, Wabunge na Madiwani, na husimamiwa na chombo tulichozoea kukiita Tume ya Taifa ya Uchaguzi, ambacho kwa sheria za mwaka 2024 sasa kinaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Uchaguzi wa pili ndio ule wa Jumatano, Novemba 27, 2024, wa kuchagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa. Huu husimamiwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, yaani TAMISEMI, kwa kanuni anazozitoa yeye. Sheria ya Tume ya mwaka 2024 inaitaja Tume kuwa msimamizi hata wa uchaguzi huu wa ngazi ya chini, lakini kwa utaratibu utakaowekwa na sheria itakayotungwa na Bunge, na mwaka 2024 kazi ilikuwa ingali mikononi mwa TAMISEMI. Watu wanaoliona hilo kuwa dosari wana hoja, na mjadala wake unastahili kuendelea. Kwa aliyetaka kupiga kura Novemba ile, jambo la haraka lilikuwa kufahamu kwamba wasimamizi ni wawili, na kwa hiyo na madaftari ni mawili.

Hapa lugha yenyewe hutuponza kidogo. Tunaposema "serikali za mitaa" tunamaanisha ngazi zote zilizo chini ya Serikali Kuu, pamoja na halmashauri za manispaa na majiji, ambako diwani anahudumu. Lakini diwani, ingawa ni kiongozi wa serikali za mitaa kwa maana hiyo, hachaguliwi katika uchaguzi unaoitwa wa serikali za mitaa. Huchaguliwa siku moja na Rais na Mbunge. Novemba 27 hakukuwa na diwani kwenye karatasi ya kura. Mkazi wa Dar es Salaam, iwe ni Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, katika uchaguzi huo humchagua mwenyekiti wa mtaa wake na wajumbe wa kamati ya mtaa, zikiwemo nafasi zilizotengwa kwa ajili ya wanawake. Vijiji na vitongoji ni vya ndugu zetu wa mikoani na wilaya za vijijini.

Sasa tuje kwenye madaftari. Kadi ya yule mzee ilitoka katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Daftari hili lilianza kuandaliwa mwaka 2004 kwa ajili ya uchaguzi wa 2005, kisha mwaka 2015 likaundwa upya kwa mfumo wa kielektroniki, ndipo tukasimama kwenye foleni ndefu kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Linaitwa la kudumu kwa sababu jina likishaingia halifutwi uchaguzi mmoja unapokwisha. Linachofanyiwa ni uboreshaji, yaani kuwaongeza waliotimiza umri, kuwahamisha waliohama, kurekebisha taarifa zilizokosewa, kuwapa kadi nyingine waliopoteza au kuharibu zao, na kuyaondoa majina ya waliofariki.

Daftari lililokuwa mezani kwa yule binti ni la aina nyingine. Ni orodha ya wapiga kura wa mtaa ule mmoja, kwa uchaguzi huu mmoja. Hakuna kamera wala kifaa cha alama za vidole, na hakuna kadi inayotolewa. Unataja jina lako, unaandikwa, unatia sahihi, unaondoka. Orodha hiyo haikurithiwa kutoka mwaka 2019, wala haikunakiliwa kutoka kwenye kompyuta za Tume. Ilianza ikiwa tupu Ijumaa asubuhi, na ilikuwa ya majina ya waliofika tu.

Nimeona mfano unaoeleweka haraka zaidi ni wa benki na chama cha kuzikana. Ukifungua akaunti benki ukiwa Mbagala, ukihamia Goba akaunti ni yako ileile, nawe unaweza kuitumia. Lakini chama cha kuzikana cha Goba hakikujui kwa sababu una akaunti benki. Kinamwandika mtu anayeishi pale, anayeshiriki misiba ya pale, na ambaye akifa ndio watakaombeba. Daftari la Kudumu ni kama ile benki, na orodha ya mtaa ni kama kile chama, ila chama hiki kina utaratibu wake wa kuweka kando daftari la zamani kila baada ya miaka mitano na kuandika wanachama upya. Kwa jiji ambalo watu wake huhama nyumba kodi inapopanda, utaratibu huo una maana yake, kwa sababu orodha ya 2019 ingekuwa imejaa watu waliokwishaondoka, huku waliowasili juzi hawamo.

Kwa hiyo jibu la swali la mzee ni hili: kadi yake ilikuwa halali, aitunze, ingemfaa mwaka 2025. Novemba 27 ingeweza hata kumsaidia kama kitambulisho cha kuonyesha kwamba yeye ndiye mwenye lile jina, sawa na kitambulisho cha Taifa, leseni ya udereva, pasipoti au kadi ya bima ya afya ambavyo vingeweza kumsaidia. Lakini haikuweza kuliingiza jina lake kwenye orodha ambayo hakwenda kuandikishwa.

Kosa hilohilo lina upande wa pili, na huo unanitia wasiwasi zaidi kwa vijana. Kijana aliyetimiza miaka 18 hivi karibuni, ambaye wiki ile aliandikishwa mtaani, angeweza kutembea mwaka mzima akiamini kwamba yumo kwenye kila daftari. Hakuwemo. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu ulizinduliwa Kigoma mwezi Julai 2024 na ulikwenda mkoa kwa mkoa, na wakati huo Dar es Salaam ilikuwa bado haijafikiwa. Zamu yetu ilipofika, kijana huyo alilazimika kwenda tena, safari hiyo apigwe picha, achukuliwe alama za vidole na apewe kadi. Hata aliyekuwa na miaka 17 lakini angetimiza 18 kabla ya siku ya uchaguzi mkuu aliweza kuandikishwa katika Daftari la Kudumu. Ambaye tayari ana kadi na hajahama wala hana taarifa ya kurekebisha hatakiwi kwenda kuandikishwa upya huko, kwa kuwa kujiandikisha zaidi ya mara moja katika Daftari la Kudumu ni kosa la jinai lenye adhabu ya faini au kifungo. Aliyehama jimbo au kata ndiye anayetakiwa kwenda kuhamisha taarifa zake, na Tume imeweka mfumo wa mtandaoni ambao unamwezesha kuanza hatua hizo kwa simu kabla ya kwenda kituoni kukamilisha.

Nimesema kwa kirefu kuhusu kadi kwa sababu ndilo kosa la wengi, lakini yapo mengine yanayofanana nalo. Wapo wanaodhani namba ya kitambulisho cha Taifa inatosha, kwa kuwa ndiyo tuliyosajilia laini za simu na ndiyo inayoombwa kila ofisi. NIDA, mamlaka inayotoa vitambulisho hivyo, inakutambulisha wewe ni nani, lakini haipeleki jina lako kwenye daftari la mpiga kura lolote kati ya haya mawili. Wapo pia waliohesabiwa katika Sensa ya Agosti 2022, ambayo iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu 5,383,728, wakadhani karani aliyewahoji nyumbani ndiye aliyewaandikisha. Sensa humhesabu hata mtoto mchanga na mgeni aliyelala usiku ule, kwa hiyo haiwezi kuwa orodha ya wapiga kura.

Na lipo suala la mjumbe. Hili linahitaji uangalifu, kwa sababu katika mitaa yetu mjumbe, au balozi wa nyumba kumi, ni mtu wa maana sana, anayejua nani ameamkaje na nani amegombana na nani. Tangu nchi iliporudi kwenye mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Akipita nyumbani kwako na daftari akaandika majina, huenda anafanya kazi halali ya chama chake, lakini huko si kuandikishwa kupiga kura, na kadi ya chama chochote cha siasa si sifa ya kuandikishwa wala kigezo cha kukunyima. Anayekuandikisha ni mwandikishaji aliyeteuliwa, katika kituo kilichotangazwa, ambacho mwaka 2024 kilifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni.

Anayestahili kuandikishwa ni raia wa Tanzania mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, mwenye akili timamu, ambaye ni mkazi wa eneo hilo. Neno "mkazi" ndilo linalowachanganya wapangaji. Nimemsikia dada mmoja muuza chakula akisema yeye si mwenyeji wa mtaa, amepanga tu chumba kimoja, hivyo mambo ya mtaa ni ya wenye nyumba. Hapana, dada yangu. Sheria haiulizi hati ya nyumba, inauliza unaishi wapi, na katika jiji hili wapangaji ni wengi mno kuachwa nje ya hesabu. Kwa upande mwingine, ukazi si mahali unapofanyia kazi. Kariakoo mchana inafurika watu ambao usiku wanarudi Gongo la Mboto, Kimara na Chanika, na mfanyabiashara mwenye meza Kariakoo huandikishwa kule anakolala. Mtu huandikishwa mtaa mmoja tu.

Pengine mtu atauliza kwa nini nahangaika kiasi hiki kwa ajili ya uchaguzi ambao wengi wanauona mdogo. Ni kwa sababu hakuna serikali inayotugusa mara nyingi zaidi kuliko hii. Ndugu yako akikamatwa usiku na polisi wakakubali dhamana, wanaweza kukuomba barua ya serikali ya mtaa. Ukifungua akaunti ya benki au ukifuatilia kitambulisho cha Taifa, barua ileile na muhuri uleule. Ukinunua kiwanja katika maeneo ambayo hayajapimwa, na Dar es Salaam ina maeneo mengi ya namna hiyo, watu hukimbilia ofisi ya mtaa ili mauziano yashuhudiwe na kiongozi anayejua mipaka, na kiongozi asiye mwaminifu anaweza kushuhudia kiwanja kimoja kikiuzwa kwa watu wawili. Kikundi cha akina mama au cha vijana kinachotaka mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, huanza kwa kutambuliwa mtaani. Kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, hutajwa kwanza katika mkutano wa jamii, na anayeuongoza mkutano anaweza kuuongoza kwa haki au kwa kujuana. Ulinzi shirikishi, ratiba ya gari la taka, mtaro uliozibwa na mtu aliyejenga ukuta juu yake, maji ya mvua za Aprili yanayoingia kwa majirani wa chini, yote hayo hupita kwa mwenyekiti kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote.

Inafaa pia kumtofautisha mwenyekiti na mtendaji, kwa sababu wote wawili tunawakuta ofisi moja. Afisa mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa. Anaweza kuhamishwa kesho kwenda mtaa mwingine, na hupangiwa kazi na halmashauri. Mwenyekiti ni mkazi mwenzetu tuliyemchagua, na mkutano mkuu wa mtaa, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, una haki ya kumdai maelezo ya mapato na matumizi. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 ziliporudisha uhai wa serikali hizi, baada ya kufutwa miaka ya 1970, ilikuwa ni kukiri kwamba kuna mambo ambayo mtu aliye mbali hawezi kuyaamua vizuri kwa niaba yetu.

Siwezi kuandika haya nikajifanya siwasikii wanaosema kura yao haina kazi. Kukata tamaa huko kuna chanzo. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani waliondolewa katika hatua ya uteuzi, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na chama tawala kikatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 99. Katika mitaa mingi wakazi hawakupata nafasi ya kuchagua kati ya watu wawili. Mtu aliyeumizwa na hali ile hastahili kukemewa kwamba hana uzalendo. Ninachomwomba afikirie ni kitu kimoja cha kiutaratibu: uandikishaji unatangulia uteuzi na kampeni, na wagombea hujulikana ikiwa orodha imeshafungwa. Aliyejiandikisha Oktoba 2024 alibaki na hiari ya kupima wagombea mwezi uliofuata, kwenye kampeni za Novemba 20 hadi 26, na hata kuamua kutokwenda. Asiyejiandikisha alifanya uamuzi huo kabla hajajua nani anagombea, na kama jirani yake alisimama, mtu mwadilifu anayemfahamu, hakuweza kumpa kura hata kama alitamani.

Na kujiandikisha si kupiga kura, jambo ambalo takwimu za uchaguzi mkuu zinalionyesha wazi. Mwaka 2010 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 20, waliopiga kura ya Rais milioni 8.6 tu. Mwaka 2015 waliandikishwa milioni 23.2, wakapiga kura milioni 15.6. Mwaka 2020 waliandikishwa zaidi ya milioni 29, na idadi ya waliopiga kura ikabaki milioni 15. Kila mara mamilioni ya watu walipanga foleni ya kwanza wakaikosa ya pili.

Baadhi yao, nadhani, huzuiwa na hofu kwamba kura itajulikana. Kura ni ya siri. Karatasi unayopewa haina jina lako, unaiwekea alama ukiwa peke yako, unaikunja na kuitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku. Usiandike jina wala sahihi juu yake, kwa sababu alama yoyote inayoweza kukutambulisha huifanya karatasi hiyo iharibike na isihesabiwe. Orodha hubandikwa wazi kwa sababu inaeleza nani ana haki ya kupiga kura, lakini haielezi alimpigia nani, na ni vizuri kila mmoja apite kuikagua inapobandikwa baada ya uandikishaji kufungwa. Jina lililokosewa herufi, jirani aliyefariki ambaye bado anaonekana, mtoto wa miaka 15 aliyeingizwa kinyume cha sheria, hayo yote huonwa na wakazi wenyewe, kwani wao ndio wanaofahamiana.

Yule mzee hakwenda sokoni moja kwa moja. Alikaa kwenye benchi, akasubiri zamu yake kama wengine ingawa tulimpisha, akataja majina yake matatu polepole na kutia sahihi. Kisha akamuuliza binti kituo kitafungwa saa ngapi jioni, kwa sababu mkewe, ambaye naye ana kadi ya 2015, alikuwa nyumbani akiwa na uhakika kwamba yeye alishamaliza.